Njia ya Kulala Mara Nne

Watu wanaopita dukani kwangu hapa Shinyanga wakisubiri garimoshi huniuliza mimi habari za Dar es Salaam kabla ya kumuuliza bwana stesheni. Hawakosei. Katika mtaa huu wote ni mimi peke yangu niliyekwenda Dar kwa reli nikarudi kwa ndege, tena kwa fedha yangu, si ya serikali wala ya mgodi. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, maana ng'ombe walinihitaji. Lakini nina malori mawili, nina duka la bati lenye sakafu ya saruji, na wenzangu wawili walioendelea mbele na masomo ndio wanaoniandikia barua zangu za Kiingereza. Sisemi hivyo kwa kumdharau mtu. Nasema ili msomaji ajue anazungumza na nani.

Swali lao ni moja: Dar ni mbali kiasi gani? Zamani ningeacha mizani, nikavuta kiti, nikaanza na kituo cha kwanza. Siku hizi magoti yananiuma, vumbi la pamba limenikaa kifuani, na jibu langu limekuwa fupi. Hapa nitalieleza kwa urefu wake mara moja, kisha nipumzike.

Mwaka ule nilikwenda Dar kutafuta injini. Lori langu la kwanza, nililolinunua lilipotupwa na jeshi baada ya vita, lilikuwa limefia njiani karibu na Kagongwa likiwa na magunia ya watu mgongoni. La pili lilikuwa zima, lakini lori moja ni kama jicho moja. Nilifikia kwa mwenyeji wangu Kariakoo, mtaa uliobaki na jina la wapagazi wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Baba yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alibeba mzigo kichwani kutoka kwetu mpaka pwani, akifuata reli kwa miguu, na reli ile ile akaifuata tena kurudi. Hakupata kupanda garimoshi hata siku moja katika maisha yake, ila vituo vyote alivijua kwa mpangilio, kila kimoja na baridi yake na maji yake.

Injini nilikuwa nimeshaiona, tunabishana bei, simu ya maandishi ikaja. Mke wangu ndiye aliyeituma kutoka Shinyanga, naye alikuwa ameletewa habari kutoka nyumbani kwetu upande wa Geita, kule njia ya Nkome inakochepuka. Maneno yalikuwa machache: baba hali mbaya, anakuulizia, njoo.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Kwetu mzee hafungi macho vizuri kama mzaliwa wa kwanza hajaja kushika mkono wake na kusikia anachotaka kusema. Akifa kabla, neno lile linabaki ndani ya nyumba, halina mwenyewe, na watoto wanagombana mpaka kizazi cha tatu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kuamini, na naamini hivyo mpaka leo.

Nikapiga hesabu. Garimoshi lilikuwa linaondoka kesho yake. Unalala humo hadi Itigi, unalala tena hadi Tabora kwa kubadilisha gari, unalala Shinyanga, kisha barabara kwa lori kupitia Kagongwa na Ushirombo, unalala tena njiani, ndipo unafika. Kulala mara nne. Kwa mgonjwa anayekuulizia, hizo ni nyingi. Mwenyeji wangu akasema, kwa mzaha tu, kwamba Wazungu wanakunywa chai ya asubuhi hapa, na alasiri wako Mwanza. Nikavaa koti nikaenda kukata tiketi ya ndege.

Karani wa pale alinitazama kuanzia viatu. Akaniuliza tiketi ni ya bwana wangu? Nikamwambia ndiyo, na bwana wangu ni mimi. Akacheka, si vibaya, akaandika.

Kesho yake asubuhi nilipimwa. Ndiyo, kwenye mizani, mimi na begi langu, kama gunia. Mimi ninayewapimia watu pamba kuanzia msimu unapofunguliwa hadi unapofungwa, nikasimama juu ya mizani ya mtu mwingine nikisubiri aseme uzito wangu. Nilivuta pumzi kidogo, sijui kwa nini. Mkulima naye hufanya hivyo gunia lake linapopanda. Ndani ya ndege tulikuwa Wazungu, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na mimi. Nikapewa peremende ya kumung'unya na kipande cha pamba cha kuziba masikio. Nikakivuta nyuzi zake kwa vidole, nikaona ni pamba nzuri, ndefu. Yawezekana ilitoka kwetu.

Sitaeleza sana juu ya huko juu. Inatingisha, ina baridi, na huwezi kusimamisha ukashuka kujisaidia. Nilikuwa na kazi moja tu: kuitazama reli. Ilikuwa chini kule kama uzi uliodondoka kwenye nguo ya kahawia, na kila nilipoikosa nilihangaika mpaka niione tena. Pale ndipo baba alipopita na mzigo. Kilichomchukua yeye mwezi kilikuwa kinapita chini ya dirisha langu wakati namaliza peremende moja. Nilitaka sana kumweleza hilo. Nasema kweli, hofu ya ugonjwa wake ilikuwepo, lakini kando yake ilikuwepo hamu hii: nitakaa kitandani pake, nimwambie baba, ile njia yako nimeiona yote kwa siku moja, nimeiona kutoka juu.

Tulitua Tabora kutia mafuta, na alasiri tukawa Mwanza. Masikio yaliuma kama nimepigwa makofi. Nililala Mwanza, asubuhi nikavuka maji, nikapata lori la kuni za mgodi hadi Geita, na kutoka hapo miguu. Jua likiwa bado lina nguvu, nikauona uzio wa minyaa wa nyumbani kwetu. Nilikuwa nimelala mara moja tu njiani.

Mlangoni mwa ua alikuwa amesimama shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kiume. Ndiye aliyemuuguza baba tangu mama alipofariki, na ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba ile. Nilimpigia shikamoo. Hakuitikia. Nikamwamkia kwa Kisukuma, nikidhani labda Kiswahili changu cha mjini kimemkera. Hakuitikia pia.

"Umelala wapi?" aliniuliza.

"Mwanza."

"Na kabla ya Mwanza?"

"Dar es Salaam."

Akageuza uso kuwatazama wanawake waliokuwa wakipeta mtama nyuma yake, kama mtu anayewaambia mnasikia wenyewe.

"Mtu halali Dalisalama juzi," akasema, "leo akaja kunipigia shikamoo."

Nikaanza kueleza, nikiwa na haraka, kwamba nilituma simu na nilisema wazi nakuja na ndege. Hapo nikaona nyuso zinafungwa zaidi. Baadaye ndipo nilipojua ilivyokuwa. Simu yangu ilipofika Geita ililetwa na jirani yetu, mchimbaji wa mgodini, mtu mwema, ambaye alijua kusoma. Aliisoma vizuri: nakuja na ndege, nafika kesho kutwa. Lakini wazee wa kwetu Kiswahili wanakisikia kwa mbali, kwa hiyo aliwapa kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma ndege ni noni, yule wa manyoya. Anakuja na noni, akawaambia. Noni gani? Hakueleza zaidi, aliwahi zamu yake ya kushuka shimoni.

Wasomaji wa mjini wasicheke mapema. Watu wetu ndege za Ulaya waliziona. Zilipita juu ya mashamba, na watoto walizikimbiza. Shangazi hakuwa mjinga. Aliniambia mwenyewe pale mlangoni: ndege ile naijua, ni ya Wazungu, nimeiona ikipita tangu mgodi uanze, wewe nitajie mtu mmoja mweusi uliyewahi kumwona anashuka humo. Sikuwa na wa kumtaja ila mimi mwenyewe. Basi, akasema, ikiwa si ile, ni ipi?

Na kwetu kila mtu anajua ni ndege gani humleta mtu kwa mgonjwa kabla ya siku zake. Ni bundi, au ni ungo wa wachawi. Anayefika kabla njia haijaisha, ama alijua ugonjwa kabla haujaanza, ama amekuja kuumaliza.

Nilikuwa na koti la Dar, saa mkononi na viatu vya ngozi, nikasimamishwa mlangoni mwa baba yangu kama mwizi wa mbuzi. Nikajipapasa mifukoni kutafuta ushahidi. Tiketi ilikuwepo, akaitazama upande wa juu na wa chini, akanirudishia. Karatasi ni karatasi. Kisha vidole vyangu vikagusa ile pamba. Nikamwonyesha: tazama, shangazi, hii wanatupa humo ndani tuzibe masikio.

Akaichukua, akaivuta, akainusa.

"Pamba," akasema. "Pamba iko hata chini ya kitanda changu."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa ungo. Nami ningecheka kama si baba aliyekuwa ndani. Nimetoka angani, na kitu pekee nilichokuja nacho kutoka angani ni kile ambacho kila nyumba ya Usukuma inacho cha kujazia mto.

Wajomba na baba wadogo wakaitwa, wakakaa nje ya uzio wakanong'ona. Uamuzi wao niliusikia nikiwa nimesimama, hakuna aliyenipa kigoda. Njia ya Dar es Salaam ni ya kulala mara nne. Mimi nimelala moja. Basi nimalizie zilizobaki nje ya ua, mchana watu wanione na jioni watu wanione, na siku ambayo mtu wa kawaida angefika, na mimi nitakuwa nimefika. Kabla ya hapo sijafika. Mgonjwa, aliyeambiwa tu kwamba nimeanza safari, asiambiwe.

Nilipiga kelele. Nilitaja malori yangu, nikataja mabati niliyoezeka nyumba ile ile wanayonizuia nisiingie, nikataja ng'ombe. Baba mdogo mmoja akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema yote hayo ni kweli na mwenye nayo akifika watampokea vizuri.

Kulala nililala kwa yule jirani mchimbaji. Maskini aliona aibu, kila mara ananiambia kaka, ningewaambia mashine, ningewaambia gari la hewani, sikufikiri. Nikamwambia asijali. Hata ningewaambia mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Neno ni moja, sisi ndio tulio wawili.

Mchana nilikaa nyuma ya nyumba ya baba, nje ya uzio, kwenye kinu cha zamani kilichopasuka. Shangazi hakunikataza, nilikuwa mahali pa kuonekana. Ukuta wa udongo ulikuwa hatua chache tu, na dirisha dogo la kutolea moshi lilikuwa upande wangu. Hapo ndipo niliposikia sauti ya baba kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita. Ilikuwa imepungua, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, unasikia ndoo inagonga mawe.

Alimuuliza shangazi kama nimefika.

"Bado," shangazi akajibu.

Baba akasema, "Leo yuko Itigi."

Nilishika kingo za kinu kwa mikono miwili.

Akaendelea polepole, akipumzika kati ya maneno. Akasema Itigi ina vichaka vibaya, mtu hawezi kutoka njiani kwenda haja, na asubuhi ni baridi sana, natumaini mtoto amechukua blanketi. Akasema siku zao pale walichemsha mizizi. Shangazi akaitikia eh, eh, kama mtu anayesikiliza hadithi anayoijua. Baba akasema basi, kesho Tabora, akalala.

Jioni shangazi alinijia na bakuli la uji. Alilipitisha juu ya uzio bila kunitazama. Nilimwuliza kama baba anakula. Akasema tangu juzi alikuwa amegoma, lakini leo amekunywa kidogo, kwa sababu amesema hataki mtoto atoke njia yote ile amkute hana nguvu ya kukaa. Kisha akaondoka haraka, kama amesema zaidi ya alivyokusudia.

Siku iliyofuata nilikuwa kwenye kinu kabla ya ng'ombe kutolewa. Baba aliamka akiwa na nguvu kidogo. Aliuliza kama nimefika, akaambiwa bado, akasema ndiyo, atafikaje, leo ndiyo anabadilisha gari Tabora. Akaniwekea pale Tabora mambo yote: nikateremka na mzigo, nikatafuta kivuli, nikanunua maembe kwa mwanamke wa Kinyamwezi, nikasinzia huku nimekalia begi wasije wakaniibia. Alinisafirisha vizuri kuliko nilivyowahi kujisafirisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopasuka, kichwa kwenye viganja, nikisikiliza ninavyokwenda.

Jambo la ajabu ni kwamba nilianza kuchoka. Wakati wa ndege sikuchoka, nilikuwa na masikio tu yanayouma. Lakini pale nyuma ya nyumba miguu ilianza kuwa mizito, mgongo ukauma kama nimekalia benchi la mbao la daraja la tatu, na koti langu la Dar likawa na rangi moja na njia. Mpaka leo nadhani uchovu wote nilioukwepa kule juu ulinifuata kwa chini, ukanikuta pale.

Siku ya Shinyanga baba hakusema kitu.

Asubuhi ilipita bila swali. Nikasikia shangazi anamwita, anamwita tena, na hakuna jibu. Jua likapanda. Nikajiambia nimengoja vya kutosha; mtu mwenye malori mawili na akili zake hawezi kukaa kwenye kinu huku baba yake anakata roho kwa sababu ya neno noni. Nikazunguka uzio, nikaingia uani kwa nguvu. Wanawake wakapisha. Shangazi alikuwa mlangoni mwa nyumba, mikono kwenye miimo ya pande zote mbili.

"Shangazi, nipishe."

"Sikuzuii tena kwa ajili ya ndege," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hilo la ndege nimeshaliacha. Nimekutazama siku zote hizi, mchawi hakai juani namna hiyo. Nakuzuia kwa ajili yake. Ukiingia sasa, utamwambia umetoka wapi?"

Nikasema nitamwambia ukweli, nimetoka Dar, kwa ndege, nimefika siku ya pili.

"Yeye amekuacha Tabora jana," shangazi akasema. "Anakufuata kwa moyo. Kinachomshika ni ile njia. Ukimtokea tu mbele ya macho hali hajakufikisha, atajua njia imekwisha, au atadhani anaona kitu ambacho si mtu. Mngoje akufikishe, baba. Amebakiza kidogo."

Aliniita baba, kama wanavyotuita shangazi zetu wanapotubembeleza tukiwa wadogo. Ndani, nyuma ya mgongo wake, nikasikia baba anakohoa, kisha anasema, chini sana, kama mtu aliyeamshwa na kelele za sokoni:

"Nani hao? Amefika?"

Shangazi alinitazama. Jibu lilikuwa langu kulitoa, naye hakunisaidia. Nikatikisa kichwa.

"Bado," shangazi akasema kwa sauti, bila kuondoa macho kwangu. "Leo yuko Shinyanga."

"Shinyanga," baba akasema. "Nyumbani kwake. Atabadilisha shati. Mkewe atampa chakula cha moto."

Nikarudi kwenye kinu. Sikumbuki kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hatua zile za kutoka mlangoni hadi nyuma ya nyumba, nami nimebeba mawe ya mgodi nikiwa kijana.

Sasa, nilipokuwa Mwanza nilikuwa nimetuma simu Shinyanga kwamba lori langu zima lije nyumbani na unga, sukari na mablanketi. Nilitaka lije upesi, kama ninavyotaka kila kitu. Lakini lilikuwa limekwenda kuchukua mizigo ya watu Kagongwa, na dereva wangu, mtu asiyejua kuharakishwa, alimaliza kazi kwanza. Nilikuwa nimemtukana moyoni siku zote zile. Siku ya mwisho, ile ambayo mtu wa kawaida angefika, baba aliamka na kusema nimepita Ushirombo, nimesalimiana na watu wa misheni, barabara ni mbaya lakini lori ni imara, lori la mtoto wangu ni imara. Shangazi akamwegemeza ukutani ili akae. Jua lilipoanza kuinama nikasikia mlio mbali upande wa magharibi. Naijua sauti ya lori langu hata likiwa kati ya malori ishirini. Gia yake ya pili hulia kama mbuzi.

Baba naye aliisikia.

Shangazi akaja hadi kwenye uzio mbio mbio, mwanamke yule mzee, akanipungia mkono: nenda, nenda. Nilimwelewa. Nikainama, nikapita nyuma ya zizi, nikakata shamba la mihogo mpaka barabarani, nikasimama mbele ya lori langu mwenyewe nikiwa nimeinua mikono kama abiria aliyechelewa. Dereva alifunga breki. Aliniuliza tajiri, kulikoni, unatoka wapi? Nikamwambia asogee. Nikapanda, nikakaa, tukaenda. Kutoka pale hadi mlangoni mwa baba ni mwendo wa kumaliza kupenga kamasi. Hiyo ndiyo sehemu ya njia ya Shinyanga niliyoisafiri safari ile.

Niliteremka mbele ya watu wote. Vumbi la lori lilinifunika kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele, wajomba wakasimama, baba mdogo akanipokea begi ambalo siku tatu alikuwa akiliona kwa jirani. Nilimpigia shangazi shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Pole na safari."

Baba alikuwa amekaa. Macho yake hayakuona vizuri tena, lakini alinyoosha mkono, nikampa wangu, naye hakuishia hapo, alishuka mpaka kwenye miguu yangu. Alipapasa viatu, akapapasa vifundo vya miguu juu ya soksi. Mpagazi humjua mtu kwa miguu. Ilikuwa imevimba kweli.

"Umepita Itigi?" akaniuliza.

Maneno yote ya kule juu nilikuwa nayo. Uzi kwenye nguo ya kahawia, peremende, mizani, karani. Nilikuwa nimeyapanga tangu Dar.

"Nimepita, baba."

"Bado kuna baridi asubuhi?"

"Ipo. Nilijifunika blanketi."

"Njia ile ni ndefu."

"Ni ndefu, baba."

"Umechoka."

"Nimechoka," nikasema, na hilo halikuwa la kumfurahisha.

Akawaambia wengine watoke. Alichoniambia ni changu na wadogo zangu, nami nimekifanya chote, muulize yeyote Geita. Hakuna kesi ya shamba wala ya ng'ombe iliyotoka katika nyumba ile. Alikaa nasi siku chache, akaenda. Nilimtia udongo wa kwanza kwa mkono wangu.

Siku ya kunyolewa nywele za msiba, shangazi alikaa karibu nami, akaniuliza kwa siri ile noni yangu inakula nini. Nikamwambia mafuta ya taa, lakini yaliyo makali zaidi. Akafikiri. Akaniuliza tena kama huko juu mtu anaweza kuona watu wanalima. Nikamwambia anaona mashamba, watu haoni. Akasema, basi hujakosa kitu kwa kutomwambia, maana yeye angeuliza habari za watu.

Yule jirani mchimbaji bado tunatumiana salamu. Injini niliipata mwaka uliofuata, lori la kwanza likafufuka. Nimepanda ndege mara mbili nyingine tangu siku zile, na sasa hata makarani wadogo wa ofisi wanaipanda kwa fedha za serikali, wakirudi wanapita dukani kwangu wakizungumza kwa sauti kubwa ili nisikie.

Basi mtu akiniuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, namjibu: kulala mara nne. Akinibishia kwamba kwa ndege unafika alasiri, simkatalii. Namwambia najua, nilipanda kabla yako, kisha narudi kwenye mizani yangu.